Siku ya Tatu Mpe Mwiko

Msikilizaji, ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, ukaipita Bunju na kuvuka Mto Mpiji, umeshaingia Mkoa wa Pwani, na muda si mrefu uko Mapinga. Asubuhi, kando ya barabara hiyo, karai la maandazi liko motoni, uji unatokota, na mihogo ya kuchemsha inauzwa kwa kipande pamoja na chai ya rangi. Mchana mama lishe wanapakua wali maharage, ugali dagaa, ugali samaki, na pembeni ya sahani tembele au mchicha. Jua likizama mafuta yanachemka tena: mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili ya kusaga, na anayetaka kushiba haraka anaagiza zege, yaani chipsi mayai. Hakuna anayekiita chakula hicho urithi wala utamaduni. Watu wanakula, wananawa, wanarudi kazini. Na katika ukanda huohuo, kutoka Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo mjini, zipo shule, zahanati na vituo vya kulelea watoto vinavyopokea vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, wengine kwa wiki tatu, wengine kwa mwaka mzima. Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya kinachotokea pale wageni hawa wanapokutana na sahani ile, au wanapozuiwa kukutana nayo.

Kwa kawaida jambo hili huhesabiwa dogo. Mgeni akimega tonge kwa mkono tunafurahi na kumpigia makofi. Tonge likimshinda tunamtafutia mkate na mayai, na mazungumzo yanahamia kwenye mambo tunayoyaita ya maana: darasa linalojengwa, dawa zilizoletwa, Kiingereza kinachofundishwa. Mimi nasema sahani ile ni ya maana kuliko tunavyodhani. Chakula cha kila siku ndicho somo la kwanza la mtu wa kujitolea, na akilikosa, kazi aliyoijia itakuwa na upungufu hata nia yake iwe njema namna gani. Nasema pia kwamba mara nyingi si yeye anayelikimbia somo hilo. Tunaomnyima ni sisi wenyeji, tena kwa mkono uleule wa ukarimu. Wageni wenyewe hupenda kusema kwamba wamegundua chakula cha Afrika. Neno hilo halikai vizuri. Kisamvu hakikuwa kimepotea. Kilichotokea ni kwamba mwenye kukijua amekubali kumwonyesha asiyekijua, na anayeonyesha hapo ni mwalimu, ijapokuwa hana ubao wala chaki.

Pwani yetu ina historia ndefu ya wageni na sahani. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Morocco alishuka pwani hii ya Afrika Mashariki. Alipofika Mogadishu alipokewa na wenyeji na kuletewa chakula mara tatu kwa siku, kwa siku tatu, kama ilivyokuwa desturi yao. Aliandika alichopewa: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi, maembe. Mombasa alitaja ndizi, ndimu na samaki, akaeleza kwamba nafaka ililetwa kisiwani kutoka kwingine. Taarifa hizo chache, zilizotoka kwa mtu aliyekula alichowekewa na kuuliza kimetoka wapi, zinatufundisha juu ya biashara na maisha ya pwani ya karne ya 14 zaidi ya kurasa nyingi za sifa za wafalme. Karne tano baadaye, misafara iliyoondoka Bagamoyo na Kaole kwenda bara iliishi kwa posho, na wasafiri wa Kizungu waliopita hapa walilazimika kulijua neno hilo na kipimo cha kibaba kabla ya kujua mengine, kwa sababu mpagazi asiyepata posho hanyanyui mzigo.

Kisha wakaja wageni wa aina mpya, wanaokuja si kwa biashara wala kwa utawala, bali kwa kujitolea. Peace Corps ya Marekani ilianzishwa Machi 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana wake mwaka huohuo, kabla hata bendera ya Uhuru haijapandishwa Desemba 9. Waliondoka nchini mwaka 1969, wakarudi 1979. Muda mfupi baada ya kundi la kwanza kufika kwetu, upande wa pili wa Afrika kulitokea kisa kinachostahili kukumbukwa. Mjini Ibadan, Nigeria, msichana mmoja wa Peace Corps aliyekuwa mafunzoni chuo kikuu aliandika kadi ya posta kwenda kwao, akieleza kwa mshangao kwamba watu pale wanaishi, wanapika na wanauza vitu barabarani. Kadi ikaokotwa kabla haijatumwa, ikanakiliwa na kusambazwa, na wanafunzi wakaandamana. Kilichowauma ni macho yaliyokuwa nyuma ya maneno yale. Mwanafunzi wa Ibadan alijua kwamba yule mama anayepika kando ya njia anaendesha biashara, analisha wafanyakazi wa mji mzima, na anasomesha watoto kwa sufuria ile. Mwandishi wa kadi aliona moshi na vumbi tu. Na hasira ile ilihamia kwenye meza ya chakula: wanafunzi wakakataa kukaa kula pamoja na Wamarekani, na uhusiano ulianza kupona pale walipokubali tena kula pamoja. Karai linalochemka leo kando ya barabara ya Mapinga lingeweza kabisa kuandikiwa kadi ileile.

Basi katika sahani hiyo kuna nini cha kujifunza? Tuanze na neno mboga. Mgeni akifungua kamusi anaambiwa kwamba mboga ni majani yanayoliwa. Halafu anamsikia mama wa nyumba akiulizwa, "Leo mboga nini?" naye anajibu, "Dagaa." Hapo mgeni makini anasimama. Anaelewa kwamba kwa mpishi wa hapa chakula kimegawanyika sehemu mbili, kile kinachoshibisha na kile kinachokisindikiza, na kwamba fedha, wasiwasi na ubunifu wa siku nzima viko kwenye ile sehemu ya pili. Unga upo ndani. Swali ni mboga. Ukimwambia mama huyo "ongeza mboga katika chakula cha mtoto" bila kujua neno hilo linabeba nini, atakuitikia vizuri, na asubiri siku atakayopata samaki, huku tembele likiwa limetanda nyuma ya nyumba. Ushauri wako umepotea njiani kwa sababu ya neno moja, na neno hilo hujifunzi darasani, unajifunza jikoni saa tano asubuhi.

Tuchukue kisamvu. Jani la muhogo likiwa bichi lina kemikali inayotoa sumu, sianidi. Wapishi wa pwani hawakuhitaji maabara kulishughulikia. Jani linachumwa likiwa changa, linatwangwa kwenye kinu hadi lilainike kabisa, linachemshwa kwa muda mrefu, na baada ya hapo tu ndipo linaungwa kwa tui. Kila hatua ina kazi yake: kutwanga kunavunja jani ili sumu ijitenge, kuchemsha kunaiondoa. Tui nalo, pamoja na utamu wake, ni mafuta, na mwili unahitaji mafuta ili upate vizuri vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani. Mama anayesema kisamvu kisichoiva kitakuumiza tumbo anatamka kanuni ya kemia kwa Kiswahili cha jikoni. Hali ni hiyohiyo kwa ugali na maharage, au kwa makande: protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage yanauziba. Dagaa wanaliwa wazima na mifupa yao, na kwa hiyo wanampa madini ya chokaa mtoto asiyekunywa maziwa. Mgeni aliyefika Mapinga kufundisha lishe angefanya vema kukaa kwanza pembeni ya kinu na kuuliza kwa nini.

Inafaa pia akumbuke, na sisi tukumbuke, kwamba ujuzi huo nao ulipatikana kwa kujifunza. Ibn Battuta hakuona ugali wa mahindi wala kisamvu kwa sababu mahindi na muhogo havikuwapo pwani hii. Ni mazao ya Amerika, yaliyovuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania. Bibi zetu wa zamani walipokea mimea migeni, mingine yenye mizizi michungu yenye kuua, wakaichunguza, wakaijaribu, wakaizoea. Kaskazini mwa Brazil, jimbo la Pará, watu wanapika majani hayohayo katika chakula kiitwacho maniçoba, na kwa hofu ya sumu huyachemsha kwa siku kadhaa, hata wiki nzima. Wao walipata jibu lao, sisi tukapata letu la kinu na mchi. Kwa hiyo anayeshangaa kwamba Mzungu wa miaka 20 anajifunza kukuna nazi kwa mbuzi asishangae sana. Mpishi wa pwani amekuwa mwanafunzi tangu zamani.

Sasa nije kwenye ushahidi kwamba kutojua chakula cha watu kunagharimu. Wasikilizaji wa umri mkubwa wanakumbuka unga wa Yanga. Katika miaka ya 1970, baada ya ukame, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi iliingiza mahindi ya njano kutoka nje, na watu wakaupa unga wake jina la klabu yenye jezi za njano. Waliula kwa sababu njaa haina uchaguzi, lakini ulipopatikana unga mweupe hakuna aliyetazama nyuma. Lishe ya mahindi ya njano haikuwa na kasoro. Kwa kweli yana kitu ambacho meupe hayana, ile rangi inayogeuka vitamini A mwilini. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kwamba kwa mlaji wa Tanzania ladha ya ugali, harufu yake na weupe wake ni sehemu ya chakula chenyewe. Mahindi ya njano yakabaki na sifa ya chakula cha shida, na ikapita nafasi ambayo ingeweza kusaidia macho ya watoto wengi.

Linganisha na viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Aina za mwanzo zilizoletwa kutoka nje zilikuwa na vitamini A nyingi, lakini zilikuwa na majimaji. Watu wakazionja na kuzirudisha. Kiazi kwetu sharti kiwe na unga. Kikiwa cha majimaji hakishiki tumbo. Watafiti, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda na Maria Andrade wa Cape Verde aliyefanya kazi Msumbiji, hawakuanza kuwalaumu wakulima kwa ujinga. Walirudi shambani, wakazalisha aina zenye rangi ile na unga ule. Mwaka 2016 wawili hao, pamoja na Jan Low na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Vitamini ilikuwa ileile katika kiazi kilichokataliwa na katika kile kilichokubaliwa. Tofauti ilikuwa kwamba mtu fulani alisikiliza mdomo wa mlaji. Mpango wa chakula usiopitia mdomoni mwa wenyeji unakwama, na mtu wa kujitolea, hata kama yuko Mapinga kwa wiki sita tu akisaidia shule kupanga chakula cha mchana, anaendesha mpango wa chakula.

Mfano wa jiko uko karibu zaidi. Serikali imetangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wake. Ni kazi njema, na vijana wengi wa kujitolea watavutiwa nayo. Lakini ambaye hajawahi kushika mwiko hajui kwamba ugali unasongwa kwa nguvu, kwamba sufuria lazima likae imara huku mpishi akilikandamiza, na kwamba jiko la jua lisiloruhusu kusonga, hata lichemshe maji namna gani, kwa mpishi wa ugali halijafika. Hajui kwamba wali mzuri unapaliwa makaa juu ya mfuniko, na kwamba mama anapouliza "hili nalo litapalia?" ameuliza swali la kihandisi. Hajui kwamba maharage yanaweza kula mkaa wa saa mbili au tatu, na kwamba mhesabu wa gesi anayeanzia kwenye chai na mayai anafanya hesabu ya nyumba nyingine. Mambo haya hayaelezeki vizuri kwenye semina. Mkono ukiuma kwa kusonga, unaelewa.

Nijibu sasa wanaonipinga, na wa kwanza ana haki kubwa. Atasema: sisi ni watu wa pwani, mgeni hapewi maharage. Mgeni huchinjiwa kuku, hupikiwa pilau, na kumwekea ugali na tembele ni kumvunjia heshima na kujivunjia wenyewe. Naiheshimu hoja hiyo, na sitaki desturi hiyo ife. Lakini desturi yenyewe ina kipimo. Tumesema siku zote kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee walijua kwamba mgeni anayeandaliwa kila siku anabaki mgeni, na kwamba kumpa jembe kunamwingiza nyumbani. Sioni kwa nini jembe limpate shambani na mwiko usimpate jikoni. Kijana aliyekuja kukaa mwaka mzima akala pilau, chipsi na mkate mweupe miezi yote, ametendewa kama mpita njia. Tena kuna uchungu mwingine ndani ya heshima hiyo, nao lazima tuutazame. Mara nyingine tunaficha tembele kwa aibu. Tumefundishwa kwamba chakula chetu ni cha dhiki, na mgeni anapokuja tunawahi kumwonyesha kwamba na sisi tunacho cha dukani. Watoto wanaotazama wanasoma funzo hilo haraka kuliko funzo lolote la darasani.

Wa pili atataja tumbo. Atasema vijana hawa wataugua, na wakiugua lawama ni yetu. Ni kweli kwamba tumbo geni linahitaji muda, na maji ya kunywa yachemshwe au yatibiwe bila mjadala. Ila tuangalie hatari iko wapi hasa. Chakula kilichotoka motoni, kinachofuka moshi, kikaliwa kwa mikono iliyonawiwa kwa sabuni, ni salama kuliko saladi ya hotelini iliyooshwa kwa maji yasiyojulikana. Na hatari kubwa za chakula chetu ni zile ambazo mgeni anapaswa kuzijua kwa sababu zinawaumiza wenyeji. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki kwa sumukuvu, sumu ya ukungu katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Mgeni anayekula mkate wa dukani hatawahi kuuliza mahindi ya shule yanakaushwa wapi na yanakaa juu ya nini wakati wa masika. Anayekula ugali wa shule hiyo atauliza, kwa sababu linamhusu.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na lina ukali unaostahili. Linasema: unapamba umaskini. Watu wanakula ugali na dagaa kwa sababu hawana cha kununulia kingine, na wewe unataka mtoto wa tajiri aje aonje dhiki yao miezi mitatu, apige picha, arudi kwao akiwa na hadithi. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hili ni kweli tupu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliona kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Imeshuka kutoka 34 katika utafiti wa 2015 na 2016, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya kila watatu. Siwezi kusimama mbele ya takwimu hiyo nikasema sahani yetu haina kasoro. Mtoto anayelishwa uji wa sembe mtupu, uliokobolewa hadi kiini na pumba vyote vikaondoka, hashibi kama anavyoonekana kushiba. Lakini kasoro hiyo inaonekana kwa nani? Kwa anayekula hapohapo, wiki baada ya wiki, akaona kwamba mwezi wa kwanza baada ya mavuno ni dona na maharage, mwezi wa nne ni sembe na mchicha, na kuna siku mboga ni chumvi na pilipili. Aliyekaribishwa vizuri kila siku haoni mwezi wa nne kabisa.

Hatari ya picha na hadithi ninaikubali, na dawa yake ni kuufanya mkutano huo uwe wa mwalimu na mwanafunzi. Majirani zetu wametuonyesha namna ya kulibeba jambo hili kwa uzito. Kenya mboga za kienyeji, managu, mrenda, kunde, zilikuwa zimeanza kudharauliwa kama chakula cha wasio nacho, hata watoto hawakuzijua majina. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wakakaa na akina mama na wanafunzi wa shule, wakaorodhesha mimea, namna za kuipika na majina yake, na mwaka 2021 UNESCO ikaitambua kazi hiyo miongoni mwa mifano bora duniani ya kulinda urithi. Kikubwa katika kazi ile, kwa maoni yangu, ni kwamba mama wa kijijini aliulizwa kama mjuzi. Aliyeulizwa kama mjuzi hapigwi picha kama masikini.

Na wala tusifikiri kwamba somo hili linakwenda upande mmoja. Mpango wa Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kuleta vijana wa Kijerumani katika nchi kama yetu, baadaye ulifungua mlango wa pili, na vijana wa Kitanzania sasa wanakwenda kujitolea huko kwa mwaka mzima. Mtanzania anayefikia kwenye nyumba ya Kijerumani hukuta jioni meza ya mkate mweusi mzito, jibini, vipande vya nyama baridi na matango ya achari. Wanaiita Abendbrot, mkate wa jioni. Hakuna kilichopikwa. Kwa aliyekua akijua kwamba jioni ndipo moto unawashwa na watu wanakaa pamoja, meza hiyo inaweza kuonekana kama dharau: wamechoka nami, hawakunipikia. Akieleweshwa kwamba huko chakula cha moto kwa desturi kilikuwa cha mchana, na kwamba kumkalisha kwenye mkate wa jioni ni kumhesabu mtu wa nyumbani, anaona kitu kingine kabisa. Familia ile ingempeleka hotelini kila jioni ili asikwazike, angerudi Bagamoyo bila kujua Wajerumani wanaishije.

Linabaki suala la nani anabeba gharama, na hapa nitakuwa wazi. Kumfundisha mtu kupika ni kazi. Mama anayemwelekeza mgeni kuchambua mchele, kuchuja tui la kwanza na la pili, kujua ugali umeiva kwa harufu yake, anachelewa kumaliza shughuli zake, na mwanafunzi huyo wa mwanzo ataunguza na kumwaga. Taasisi nyingi zinazopokea watu wa kujitolea zina fungu la malazi na chakula. Fungu hilo mara nyingi linapita mikononi mwa mratibu, linanunua vyakula vya dukani, na mwenye jiko analetewa mfuko wa vitu vilivyochaguliwa na wengine. Ningependa fedha hiyo imfikie mama wa nyumba mkononi, yeye apange mboga ya wiki kama anavyoipangia familia yake, na saa zake za kumfundisha mgeni zilipwe kama zinavyolipwa saa za mwalimu wa Kiswahili. Mama lishe wa kando ya barabara naye anaweza kukodiwa kwa kazi hiyo siku mbili kwa juma. Hakuna anayejua bei, msimu na vipimo kuliko yeye. Ratiba ya wiki ya kwanza ya mgeni iwe na asubuhi ya kwenda naye sokoni akiwa amebeba kikapu, simu ikiwa mfukoni, na mchana wa kukaa juu ya mbuzi na nazi mbili. Nazi ya kwanza ataikuna hadi kifuu, tui litoke na weusi, na ataambiwa arudie.